Diski Haijafa: Kabla ya Kufuta Patisheni Zako

Leo tuongee juu ya kitu ambacho kimewatoa watu wengi jasho. Umetengeneza flashi yako vizuri, umeichomeka kwenye laptopu, na programu ya kusakinisha imefunguka bila matata. Unabonyeza endelea, endelea, endelea. Ukifika pale pa kuchagua diski, unakutana na ukuta. Unaambiwa Windows haiwezi kusakinishwa kwenye diski hii. Ama unaambiwa imeshindikana kuunda patisheni mpya. Ama orodha ya diski ni tupu kabisa, kana kwamba laptopu yako ilizaliwa bila diski!

Nimeulizwa swali hili sana tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10. Wenye mashine mpya wanapanda Windows 11, wenye mashine za zamani wanahamia Linux, na kila mmoja ana flashi mfukoni.

Ninalotaka kusema ni moja tu. Mara nyingi ujumbe huo hausemi kwamba diski yako imeharibika. Unasema kwamba jinsi ulivyowasha flashi na jinsi diski yako ilivyogawanywa haviendani. Na dawa ambayo watu hukimbilia kwanza, yaani kufuta diski nzima, ndiyo inayofaa kuja mwisho kabisa.

Ramani mbili za shamba moja

Patisheni ni vipande vya diski, kama shamba moja lililogawiwa watoto. Mwanzoni mwa diski kuna jedwali dogo linaloeleza kila kipande kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Hiyo ndiyo ramani ya mpimaji. Ramani hizi ziko za aina mbili.

Ya kwanza inaitwa MBR. Ilikuja mwaka 1983 pamoja na PC DOS 2.0. Inakaa kwenye sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, na jedwali lenyewe lina baiti 64 tu. Kila patisheni inachukua baiti 16, kwa hivyo ukipiga hesabu utaona ni kwa nini MBR ina nafasi ya patisheni kuu 4 pekee. Namba za sekta nazo zimepewa biti 32, ndiyo maana ramani hii haiwezi kufika mbali zaidi ya terabaiti 2 hivi kwa sekta za kawaida.

Ya pili ni GPT. Hii ni sehemu ya mpango wa UEFI, uliokuja kuchukua nafasi ya BIOS ya zamani. Kwa kawaida ina nafasi ya patisheni 128, na inaweka nakala yake mwishoni mwa diski, ili ramani ya mbele ikichanika kuna nyingine nyuma.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kisa chote. Kompyuta nazo huwaka kwa njia mbili: njia ya zamani ya BIOS na njia mpya ya UEFI. Windows ina msimamo mkali katika ndoa hii. Ukiiwasha kwa BIOS inataka MBR, ukiiwasha kwa UEFI inataka GPT. Ukiichanganya, inagoma. Linux ni mpole kidogo. Inakubali BIOS na GPT pamoja, mradi uitengee GRUB kipatisheni cha mebibaiti 1 cha kujishikilia.

Na flashi je? Flashi moja inaweza kuwaka kwa njia zote mbili! Ukibonyeza F12, F9 ama Esc wakati wa kuwasha (inategemea aliyeunda mashine), menyu inayotokea mara nyingi inaonyesha jina la flashi yako mara mbili. Mstari mmoja umetanguliwa na neno UEFI, mwingine hauna. Wengi wanaona ni jina lile lile wanachagua lolote. Kumbe umeshachagua ramani utakayodaiwa huko mbele.

Laptopu ya Mwalimu

Nikupe mfano ili usione ninaongea hewani. Kuna mwalimu mmoja mstaafu, mzee wetu kutoka Voi, aliyeniletea laptopu yake Mombasa ikiwa imefungwa kwenye kanga. Baada ya stima kupotea ghafla, Windows 10 yake ilikataa kuwaka. Fundi mmoja wa huko akajaribu kuisakinisha upya kwa flashi, akapata ujumbe kwamba diski ina mtindo wa GPT na haiwezi kutumika. Akamwambia Mwalimu tiba ni moja, kufuta diski yote na kuanza upya.

Mwalimu alikataa. Kwenye patisheni ya pili ya ile diski, ile anayoiita D, alikuwa na sauti za wazee wa Taita alizorekodi kwa miaka 3 akikusanya masimulizi ya kitabu. Hakuwa na nakala popote.

"Kijana wangu," akaniambia, "wanne kati ya hao wazee tumeshawazika. Hao nitawarekodia wapi tena?"

"Usijali Mwalimu," nikamjibu, "leo hatufuti kitu."

Jambo la kwanza halikuwa kusakinisha chochote. Niliwasha laptopu kwa flashi ya Linux Mint, ile inayokupa nafasi ya kuitumia bila kugusa diski. Nikafungua meneja wa mafaili, na ile patisheni ya D ikaonekana pale pale, mafolda yote yamepangwa kwa majina ya vijiji. Tukachomeka diski ya nje, tukanakili kila kitu. Kisha nikamwomba Mwalimu mwenyewe afungue sauti tatu nne kutoka kwenye nakala, si kutoka kwenye diski ya zamani. Nakala ambayo hujaifungua bado ni matumaini tu. Alisikiliza moja mpaka mwisho. Sikumharakisha.

Baada ya hapo nikachukua flashi ile ile ya fundi. Nikaizima mashine, nikaiwasha tena, nikafungua menyu, nikachagua ule mstari wenye neno UEFI. Nikafika pale pa diski. Ujumbe haukuwepo! Diski ni ile ile, flashi ni ile ile, kilichobadilika ni mstari mmoja wa menyu.

Simlaumu fundi. Kazi ni nyingi, wateja wana haraka, na kufuta diski kweli kunaondoa ule ujumbe. Lakini kunaondoa na wazee wa watu. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao.

Kwa kuwa kompyuta hiyo ni ya zamani na haikidhi masharti ya Windows 11, tulikubaliana kuweka Mint. Nikachagua kugawanya diski kwa mkono, nikaelekeza mfumo kwenye patisheni ya Windows iliyokufa, nikaiacha patisheni ndogo ya EFI itumike ilivyo bila kuiumbiza, na D sikuigusa. Mwalimu alirudi Voi na laptopu yake na diski ya nje, kila moja kwenye mfuko wake. Hilo la mifuko miwili lilikuwa wazo lake.

Makosa mengine na chanzo chake

Tuseme yako ni tofauti na ya Mwalimu. Haya ndiyo mengine ninayokutana nayo.

1. Diski ni MBR lakini umewasha kwa UEFI. Huu ni mgogoro ule ule, umegeuzwa tu. Kama Windows iliyopo bado inawaka, kuna kifaa kinachoitwa mbr2gpt, kilichokuja na Windows 10 mwaka 2017, kinachobadilisha ramani bila kufuta data. Anza na mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS ili kikague kwanza kabla ya kubadilisha. Kinahitaji diski yenye Windows na isiyozidi patisheni kuu 3. Hata hivyo, nakala kwanza. Na ukishabadilisha, ingia kwenye mipangilio ya mashine uiambie iwake kwa UEFI, la sivyo haitawaka.

2. Unaambiwa imeshindikana kuunda patisheni mpya ama kupata iliyopo. Chomoa flashi nyingine zote, kadi za kumbukumbu na diski za nje, halafu ujaribu tena. Programu ya kusakinisha huchanganyikiwa ikiona diski nyingi. Kama diski ni MBR, hesabu patisheni kuu. Zikiwa 4 tayari, hakuna nafasi ya tano hata kama kuna gigabaiti 300 zimelala bure.

3. Diski haionekani kabisa. Hili huwapata sana wenye laptopu za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea. Diski imejificha nyuma ya kitu kinachoitwa VMD, na flashi ya Windows haina draiva yake. Pakua draiva hiyo kutoka kwa aliyeunda laptopu, iweke kwenye flashi, kisha ubonyeze pale pa kupakia draiva. Njia nyingine ni kuzima VMD kwenye mipangilio ya mashine, lakini fahamu kwamba Windows iliyopo inaweza kugoma kuwaka baada ya hapo.

4. Usakinishaji unakufa katikati. Hapa shuku flashi. FAT32 haibebi faili moja lenye gigabaiti 4 au zaidi, na faili kubwa la Windows linaloitwa install.wim mara nyingi hupita hapo. Rufus hulitatua hili kwa kutumia NTFS pamoja na kipande kidogo cha kuwashia. Pia kuna flashi feki zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 64 na ndani hazina hata nusu yake. Zipime kwa H2testw ukiwa Windows, ama F3 ukiwa Linux.

Jinsi ya kujua uko wapi

Usikisie, uliza mashine. Ukiwa ndani ya Linux ya flashi, tafuta folda /sys/firmware/efi. Ikiwepo, umewaka kwa UEFI. Isipokuwepo, umewaka kwa njia ya zamani. Ukiwa ndani ya programu ya kusakinisha Windows, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja, dirisha jeusi litafunguka. Andika diskpart, kisha list disk. Ukiona nyota kwenye safu ya Gpt, diski hiyo ni GPT. Halafu andika exit utoke. Amri hizo mbili hazifuti kitu.

Amri ya kuogopwa ni clean. Haikuulizi mara mbili. Unaiandika, unabonyeza Enter, ramani imekwenda. Ikiwa imeshatokea, simama hapo hapo! Usiandike kitu kingine juu ya diski hiyo. Kuchoma ramani si kubomoa nyumba, na TestDisk ya Christophe Grenier, ambayo ni ya bure, inaweza kutembea shambani ikatafuta mawe ya mipaka na kuchora ramani upya. Kwenye SSD usitegemee sana, kwa sababu diski hizo zinaweza kuambiwa zisafishe sehemu ambazo hazina mwenyewe.

Na kama patisheni zako zimefungwa kwa BitLocker, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 kabla ya kugusa lolote. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Bila ufunguo huo, hata nakala kupitia Linux haitakufaa.

Basi mpangilio ni huu: okoa data, fungua nakala uhakikishe, jua umewaka kwa njia gani, jua diski ina ramani gani, linganisha. Ukishamaliza hayo matano na bado unahitaji kufuta, futa kwa amani. Na ukienda kwa fundi, muulize swali moja kabla hajashika kibodi: data yangu iko wapi sasa hivi? Asipokuwa na jibu, chukua laptopu yako uende nayo nyumbani.

Hadi wakati mwingine, flashi njema!