Swali la Kwanza

Daftari la simu lilikuwa na safu sita, na safu ya kwanza ilikuwa ya pesa. Nilikabidhiwa daftari hilo mwaka 2004, siku yangu ya kwanza katika kampuni moja binafsi ya ambulensi mjini Mombasa, nikiwa na miaka 22. Dada aliyenifunza kazi aliniwekea kidole juu ya kila safu: nani atalipa, jina la mgonjwa, yuko wapi, anapelekwa hospitali gani, nani anapiga simu, na mwisho kabisa, ana nini. "Usiruke safu," aliniambia. "Gari likitoka bure, mafuta yatakatwa kwenye mshahara wako."

Sikuona ubaya wowote. Kampuni haikupata hata senti ya serikali. Iliishi kwa kadi za wanachama, kwa mahoteli ya ufuoni na kwa makampuni ya bandarini yaliyolipa kila mwaka. Asiye na kadi alitakiwa awe na pesa taslimu mkononi kabla gari halijawashwa. Na watu wengi wa mjini hawakutuita kabisa. Mgonjwa alipakiwa kwenye teksi au matatu, ameegemezwa begani kwa shangazi yake, mtu mwingine akipunga kitambaa dirishani ili wapishwe njia. Gari letu lilipoingia mtaani watoto walinyamaza. Walilijua kama gari la maiti, na kuna siku kweli tulikodiwa kusafirisha maiti kwenda bara.

Simu ninayoikumbuka kuliko zote iliingia mwaka 2006, Ramadhani, muda mfupi baada ya kufuturu. Ilikuwa sauti ya kijana, kutoka Likoni. "Dada, baba ameanguka." Nikamuuliza kama nilivyofunzwa: mna kadi ya uanachama? Akasema nisubiri akaangalie. Nikasikia droo zikivutwa, sanduku likifunguliwa, wanawake wakilia, na mimi nimekaa na kalamu juu ya safu ya kwanza. Dakika nne zilipita hivyo. Aliporudi hakuwa na kadi. Nikamtajia bei. "Sawa, dada, nitatafuta," akasema, akakata simu. Hakupiga tena.

Kesho yake dereva wetu mkubwa, mzee ambaye sote tulimwita Mjomba, alichelewa zamu. Alikuwa akikaa Likoni na alipitia mazikoni kwa jirani. Nilimuuliza ni mtaa gani, na aliponijibu nilielewa. Sikumwambia. Nilimwambia baada ya miaka miwili, tukiwa wawili garini, naye alikaa kimya mpaka tukafika Changamwe ndipo akasema, "Mwanangu, hukumuuliza kama anapumua?"

Sikumuuliza. Daftari halikuwa na nafasi ya swali hilo.

Kitu cha kwanza kilicholegeza safu ile kilikuwa simu ya mkononi. M-Pesa ilianza Machi 2007, na haikuchukua muda mtoto aliye Nairobi akawa anaweza kutuma pesa ya gari la babake wa Mombasa akiwa amesimama kituo cha basi. Mjomba ndiye aliyeona kabla yetu sote. Alimwendea mkurugenzi akamwambia gari litoke kwanza, pesa itatukuta njiani. Mkurugenzi akakubali kujaribu. Mara nyingi pesa ilitukuta njiani kweli, na pale ambapo haikuja, angalau mgonjwa alikuwa ameshafika hospitali.

Mwaka 2008 nilitoka mezani nikaenda kusomea uhudumu wa dharura. Huko nilikuta kwamba hata taaluma yenyewe ilikuwa inapanga upya maswali yake. Waliotutangulia walifunzwa kukandamiza kifua mara 15 kisha kupuliza pumzi mbili. Sisi tulifunzwa mara 30 kwa pumzi mbili, kwa sababu mwongozo ulibadilishwa mwaka 2005 baada ya kuonekana kwamba kila ukisimamisha mikono, damu nayo inasimama. Kisha mwaka 2010 mpangilio wenyewe ukageuzwa. Zamani ulianza kwa kufungua njia ya hewa, ukaja kwenye pumzi, kifua kikawa cha mwisho. Sasa kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla unaanza na kifua. Katika dakika za mwanzo damu yake bado ina oksijeni, anachokosa ni pampu ya kuisukuma. Unakandamiza mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita tano, na haki ya Mungu inachosha. Baada ya dakika mbili mikono inatetemeka na lazima mwenzako akupokee.

Kubana mguu unaovuja damu nako kuligeuka. Tuliambiwa mkanda wa kubana ni wa mwisho kabisa, kwamba kiungo kitakufa. Madaktari wa vita vya Iraq na Afghanistan walionyesha kwamba mwenye mguu uliopasuka mshipa mkubwa hufa kwa damu muda mrefu kabla mguu haujapata nafasi ya kuoza. Bodaboda zilipojaa barabara zetu, somo hilo tulilitumia karibu kila wiki.

Lakini shule yangu kubwa ilikuwa kivuko cha Likoni. Mkondo unaotenganisha Likoni na kisiwa cha Mombasa hauzidi sana nusu kilomita, na ambulensi hupewa nafasi ya kwanza kupanda feri. Hata hivyo feri ikishang'oa nanga haiitwi irudi. Unakaa kwenye mteremko na mgonjwa wako, unaiona hospitali ya ng'ambo kwa macho, na kati yenu kuna maji. Mjomba hakuwahi kuzima injini pale. Alikuwa miongoni mwa walioopoa watu feri ya Mtongwe ilipozama mwaka 1994 na zaidi ya watu 270 wakafa, na hadi anastaafu aliyatazama maji yale kwa jicho la pembeni.

Alfajiri moja tulimchukua mama mjamzito kutoka Mtongwe, mimba yake ya tatu, ameandamana na mama mkwe. Tulipofika mteremkoni feri mbili zilikuwa mbovu. Mama mkwe akanishika mkono. "Mwanangu, huyu hafiki ng'ambo. Mtoto keshashuka." Alisema kweli. Wanawake waliokuwa wakisubiri kuvuka kwa miguu walielewa bila kuambiwa, wakavua leso zao wakazitandaza kwenye vioo vya gari, wakasimama wamelizunguka, migongo kwetu. Mtoto alitoka akiwa mkimya, nikamkausha kwa nguvu, nikamsugua mgongo, akalia. Miaka ya nyuma ningekata kitovu papo hapo. Sasa nilimlaza kifuani kwa mamake, nikasubiri kitovu kiache kupiga, nikamdunga mama oksitosini ili mji wa uzazi ukaze, maana damu ya baada ya kujifungua ndiyo inayowamaliza wengi. Vigelegele vilianzia nje ya gari, kwa wanawake wa leso, vikasambaa mpaka kwenye foleni ya malori.

Pale ndipo nilipoacha kuamini kwamba kazi yetu ni mbio. King'ora kinaokoa dakika chache. Kinachookoa mtu ni yule aliye karibu naye, na mara nyingi si sisi.

Katiba mpya ya Agosti 2010 ilisema katika kifungu cha 43 kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Nilikata gazetini ukurasa wenye kifungu hicho nikaubandika juu ya meza ya simu. Kaunti zilipoanza mwaka 2013 zikanunua ambulensi zao, na mitaa iliyokuwa haijawahi kuona moja ikaiona. Nililifurahia hilo, ingawa naendelea kusema kila ninapopewa nafasi kwamba mhudumu anunuliwe mafunzo kabla ya gari kununuliwa rangi. Korona ilipita juu yetu mwaka 2020 na mavazi yale ya plastiki katika joto la Mombasa. Sina hamu ya kuikumbuka zaidi ya hapo.

Tulipoachana na daftari tukaingia kwenye kompyuta, niliombwa niandike maswali upya. Nikaandika: Uko wapi? Ameamka? Anapumua? Namba yako ni ipi? Malipo niliyaweka chini kabisa, baada ya gari kuondoka. Mkurugenzi alinipinga kwa miezi kadhaa, akihofia madeni, na hofu yake haikuwa ya bure. Madeni yapo hadi leo. Kuna miezi mishahara huchelewa kwa ajili yake, na wanaochelewa kulipwa ni wale wanaobeba machela. Ningeandika vilevile tena.

Siku hizi nafunza wapokea simu. Mwaka jana, jioni, nilikuwa nimesimama nyuma ya msichana wa wiki yake ya tatu kazini ilipoingia simu kutoka Likoni. Mama analia, mumewe ameanguka bafuni. Msichana akauliza mtaa, akabonyeza kitufe cha gari huku akiendelea kuuliza. "Mama, anapumua? Mtazame kifua. Kinapanda?" Hakipandi. "Mlaze chali sakafuni. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake. Kandamiza kwa nguvu, nahesabu nawe. Moja, mbili, tatu, nne."

Kwenye ramani gari letu lilikuwa limesimama upande wa kisiwani, likingoja feri. Msichana hakuitazama ramani. Mama wa watu alisema amechoka, naye akamuuliza nani mwingine yuko nyumbani. Kijana wa miaka 15. "Mwite apokee, mama. Usiache mikono isimame." Sauti ikabadilika, akahesabu na kijana. Moja, mbili, tatu, nne. Nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti chake nikihesabu nao kimoyomoyo, na tuliendelea hivyo mpaka tukasikia, kupitia simu ileile, mlango wa gari letu ukifunguliwa.