Kicheko Mbele ya Mkaguzi: Mitani Koki Asomwapo Kitengela

Katika historia ya ramsa ya Japani ya miongo ya karibuni, jina la Mitani Koki halikwepeki. Mtunzi huyu alizaliwa Tokyo mwaka 1961. Mwaka 1983, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nihon, aliunda kikundi cha Tokyo Sunshine Boys, jina lililochotwa katika tamthilia ya Mmarekani Neil Simon. Filamu ya kwanza aliyoiongoza mwenyewe, ya mwaka 1997, inahusu mchezo wa redio unaobadilishwa huku ukirushwa hewani, kila mmoja akidai lake. Hata hivyo, kazi iliyomgusa zaidi mwalimu mmoja wa Kiswahili mjini Kitengela ni ile ya mkaguzi na mwandishi, iliyotangazwa redioni mwaka 1994, ikapandishwa jukwaani mwaka 1996, na kufanywa filamu mwaka 2004.

Mandhari yake ni Tokyo ya mwaka 1940. Mkaguzi wa serikali, mtu asiyejua kucheka, anamwamuru mwandishi kijana aondoe hiki na aongeze kile. Mwandishi hakatai. Hutii kila agizo, na kila agizo huzaa kichekesho kipya. Siku zinavyopita, mkaguzi anageuka kuwa mtunzi mwenza pasipo kujitambua.

Mwalimu huyo aliiamini hoja hii. Alikuwa ametunga mchezo wa wanafunzi juu ya dalali anayeuza kiwanja kimoja mara tatu kwa baraka za chifu. Maudhui hayo hayakutoka mbali. Tangu ranchi ya pamoja ya Kitengela igawanywe mwishoni mwa miaka ya 1980, malisho mengi yamekatwakatwa kuwa viwanja, na habari za hati bandia si ngeni masikioni mwa wenyeji.

Mchezo ulipofikishwa Kajiado, mkubwa mmoja aliyepewa kazi ya kuupitia alitaka chifu aondolewe. Mwalimu alimwondoa, na mahali pake akaweka kiti kitupu chenye kofia juu yake. Kila dalali alipokwama, alikiinamia kiti hicho na kukiuliza la kufanya. Katika mazoezi, wanafunzi walivunjika mbavu. Ilionekana basi kwamba kizuizi hunoa kejeli, kama Mitani alivyoonyesha.

Ndipo msichana wa kidato cha tatu aliponyosha mkono. "Mwalimu, sisi tumecheka kwa sababu tulimwona chifu kwanza. Nyanya yangu alipoteza shamba lake. Akija kutazama, ataona kofia tu."

Kauli hiyo iligusa udhaifu wa sanaa ya mafumbo. Kejeli iliyofichwa huwafurahisha wanaojua tayari kilichofichwa. Wahome Mutahi, mwandishi wa safu ya vichekesho ya Whispers, alifungwa mwaka 1986. Katika miaka ya 1990 alizipeleka ramsa zake za Kikuyu katika mabaa, kwa hadhira iliyojua anamsema nani. Wahenga walinena kwamba fumbo hufumbiwa mjinga, mwerevu akaling'amua. Lakini aliyenyang'anywa ardhi si mjinga. Ni mtu aliyenyimwa habari, na fumbo humnyima mara ya pili.

Inafaa basi kuusoma upya mwisho wa kazi ya Mitani. Mkaguzi hatimaye anacheka, lakini mwandishi anapata wito wa kwenda vitani. Kikuya Sakae, mwandishi halisi aliyekuwa kielelezo cha mhusika huyo, aliuawa vitani China mwaka 1937. Kicheko kimembadili mtu mmoja. Amri imebaki ilivyokuwa. Mhakiki anayesifu werevu wa kijana peke yake ameusoma mchezo nusu. Utiifu wake ulimpa vichekesho vingi, wala haukumpa usalama.

Mwalimu aliusoma mwisho huo mara mbili. Kisha alikiacha kiti jukwaani, akamrudisha chifu. Safari hii chifu alisimama nyuma ya kiti, kichwa wazi, bila neno hata moja la kufutwa katika mswada, ila mtazamaji asiyejua lolote angeweza kuona kofia ni ya nani. Wiki iliyofuata aliuchukua mswada huo na kurudi nao Kajiado.