Fomu ya simu nayo ifanye mtihani

Siku hizi tunaandikisha watoto kwa simu. Tunajaza, kisha maandishi mekundu yanatokea: "Jina si sahihi." Wengi wetu tunafikiri kosa ni letu. Mara nyingi kosa ni la fomu.

Mwaka jana nilimsaidia jirani kuandikisha binti yake. Jina la mtoto linaanza na N', kama majina mengi ya kwetu. Fomu ilikataa ile alama. Tulipoiondoa, ikakubali. Mama akaniuliza, "Mwalimu, sasa huyu ni mtoto wa nani? Cheti cha kuzaliwa kinasema jina lingine." Alifunga simu, akaenda ofisini kwa miguu, akaandikisha kwa kalamu.

Mdogo wangu anayesoma informatiki alinieleza kazi inavyopaswa kufanyika. Kila nafasi ya fomu ni kipande kidogo, na kila kipande hupimwa peke yake kabla fomu haijafika kwa watu. Fundi huandika programu fupi inayojaza nafasi na kuangalia jibu. Namba ya simu yetu: +243 na tarakimu 9, ikubaliwe, tarakimu 8, ikataliwe. Tarehe: 29 Februari 2024, ikubaliwe; 29 Februari 2023, ikataliwe, maana siku hiyo haikuwepo. Vipimo hivi huchukua sekunde chache, na hurudiwa kila fomu inapobadilishwa.

Hapo nikaona jambo ambalo mwalimu yeyote analijua. Fundi akipima tu yale ya kukataliwa, fomu inayokataa kila kitu itapata pointi zote! Ni lazima apime pia yale ya kukubaliwa: jina lenye N', jina la herufi mbili, mtu mwenye jina, postinomu na prenomu, namba iliyoandikwa kwa kuacha nafasi katikati. Na ikikataa, fomu iseme wazi kinachokosekana.

Kwa hiyo, fomu ikikataa jina la mtoto wako, usilipunguze. Mashuleni majina yasiyolingana husumbua mtoto hadi siku ya diploma. Omba karatasi, na mwambie mwenye fomu ni herufi gani iliyokataliwa. Nao mabinti zetu wanaosoma informatiki, tuwape majina ya bibi zao wayatumie kupima fomu zao.