Maji ya tomate na mgongo wa mtoto

Tangu tulipozungumza juu ya mboga kwenye redio, wasikilizaji wengi wananiuliza: tununue chombo gani cha kumwagilia? Nitawaambia yaliyonipata mimi nyumbani, hapa Keshero, Goma.

Yaya yangu alitufikia kutoka Masisi na watoto wanne. Kwao alikuwa na shamba, kwetu akakuta mawe ya volkano. Alijaza udongo wa kuomba kwa jirani ndani ya magunia sita, akapanda lenga-lenga na vitunguu. Nyuma ya nyumba akapanda mistari miwili ya tomate. Mimi nilifurahi tu, sikujiuliza maji yatatoka wapi.

Kiangazi kikafika mwezi wa sita. Robine yetu hutoa maji inapotaka, mara nyingi usiku wa manane. Basi kazi ikamwangukia binti wa yaya, mwenye miaka 11, na bidoni yake ya lita 10: ziwani mara sita kwa siku, tatu za nyumba na tatu za bustani. Jioni moja aliitua bidoni mlangoni akaniuliza: "Mama mdogo, haya ni ya kunywa ao ya tomate?" Nilikosa jibu.

Nikakimbilia soko. Kwanza nikanunua tiyo ndefu. Upumbavu mtupu: tiyo inataka robine yenye nguvu. Kisha nikanunua vitiyo vyembamba vya matone. Unaweka bidoni juu ya matofali, karibu mita moja kutoka chini, maji yanashuka yenyewe hadi kwenye matundu karibu na miche. Sisemi vibaya, ni kitu kizuri. Lakini mchanga wa ziwani uliziba matundu juma la pili, maana sikufunga kitambaa kwenye mdomo wa bidoni ili kuchuja. Tena kwenye mawe yetu, tone likianguka mbali kidogo na mzizi linazama chini, hutaliona tena.

Yaya alinitazama bila kusema neno. Halafu akaokota chupa 14 za plastiki za lita moja na nusu. Akatoboa vifuniko kwa sindano ya moto, akakata matako ya chupa, akazichimbia mdomo chini kandokando ya kila tomate, akafunika udongo kwa majani makavu ya ndizi. Maji yanatoka polepole, moja kwa moja kwenye mizizi.

Magunia aliyamwaga akayajaza upya. Katikati alisimamisha kopo lisilo na kitako, lililojaa mawe madogo, akazungushia udongo, kisha akalivuta juu kidogo kidogo kadiri gunia lilivyojaa. Zamani maji yalilowesha juu tu na miche ya ubavuni ikakauka. Sasa yanapita katikati ya mawe hadi chini. Maji ya kusuuza nguo, yale ya mwisho yenye sabuni kidogo, anayapeleka kwenye tomate, kwenye udongo tu. Lenga-lenga hazipati hata tone la hayo.

Safari tatu za bustani zimekuwa moja. Siku ya kufua, hakuna hata hiyo.

Tiyo yangu ndefu iko bado ukutani. Mwenye robine ya kweli aje aichukue kwa nusu ya bei. Vile vitiyo vyembamba siviuzi: yaya amevisafisha na kuvikunja ndani ya mfuko wake, anasema ni vya Masisi.