Nakala na Asili Yake

Mawakili wa Nairobi, katika zama nilizoajiriwa mimi, waliuwekea kila waraka mzito makarani wawili, mmoja wa kusoma kwa sauti na mwenziwe wa kufuata kwa kalamu, na ungalipita katika ushoroba wa jengo lolote la mtaa wa Kimathi au wa Wabera ungalisikia mtu akitamka hati ya rehani tangu mwanzo hata tamati, pamoja na koma, nukta, mabano na herufi kubwa, asiruke hata moja. Mimi niliyetoka Lamu sikuiona kazi hiyo kuwa ngeni, kwani katika ilimu ya dini mnakili wa kitabu alipokwisha kazi yake aliisoma nakala mbele ya mwenye kushika asili, na pambizoni ikatiwa alama mahali waliposimama siku ile. Na misahafu ya Siyu, iliyoandikwa kwa mkono katika karne ya 18 na ya 19, ni ushahidi wa watu walioijua thamani ya herufi moja. Tofauti ni kuwa wao walitaraji thawabu, nasi tulitaraji mshahara wa mwisho wa mwezi, ambao aghalabu ulichelewa.

Programu ya kulinganisha ilitufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, nayo ilikuwa DeltaView, ya kampuni ya Workshare ya London. Unaipa mafaili mawili, la zamani na jipya, na kabla hujamaliza kukoroga chai imekutolea waraka wa tatu, yaliyoongezwa yakiwa ya buluu, yaliyofutwa mekundu yaliyopigwa mstari, na yaliyohamishwa ya kijani. Nasaba yake ni ya kale kidogo: mwaka 1974, katika maabara za Bell nchini Marekani, Douglas McIlroy alitoa programu iitwayo diff, ambayo, kwa hesabu aliyoishughulikia pamoja na James Hunt, huutafuta mfuatano mrefu kabisa wa mistari iliyomo katika mafaili yote mawili kwa mpangilio ule ule, na kila kisichoingia katika mfuatano huo hukitangaza kuwa kimefutwa au kimeongezwa. Ndiyo maana mashine ya namna hiyo, ukiondoa kifungu ukurasa wa pili na kukiweka wa tisa bila kukigusa, yaweza kukuambia kuwa kifungu kimoja kimekufa na kingine kimezaliwa. Fauka ya hayo, ibara moja ikitiwa katikati, nambari zote zinazofuata hubadilika na karatasi ikajaa wekundu usio na maana. Na waraka uliopigwa picha kwa skana ndio balaa kubwa zaidi, kwani tarakimu ya moja husomwa kuwa herufi, na shilingi za mteja zikawa si shilingi tena.

Mwenzangu wa kusoma, mama wa makamo kutoka Kabete, aliitazama mashine ile kwa wiki nzima bila kusema neno, kisha akaomba ahamishiwe masijala. Nilidhani amekasirika. Baadaye nilifahamu kuwa alikuwa ametambua, kabla yetu sote, mahali ambapo kazi ingebaki.

Kwa miaka ile ofisi nyingi za mawakili zilikuwa zikihama katikati ya jiji kwenda Westlands, kwa sababu ya maegesho na kwa sababu wateja wenye fedha walikuwa wamekwisha kuhama, nasi tukahama vilevile, hata nikawa nasafiri kwa matatu ya nambari 23 kutoka Kangemi na kushuka nusu ya njia niliyoizoea. Kazi iliyoshamiri huko ilikuwa ya viwanja: nyumba za zamani za Kileleshwa na Lavington, zenye bustani, zikiuzwa zibomolewe na kujengwa maghorofa. Nakumbuka mkataba mmoja wa kiwanja uliorudi kutoka kwa mawakili wa upande wa pili ukiwa na barua ya adabu isiyo na kifani, ikisema kuwa wamegusa kifungu cha malipo ya awali tu, na kweli katika kifungu hicho mabadiliko yao yalionekana kwa rangi, yametiwa kwa uwazi. Nikaupitisha katika mashine dhidi ya faili tulilowapelekea sisi. Ukurasa wa kumi na moja, mahali ambapo fedha iliyosalia ingelipwa baada ya uhamisho kusajiliwa na mnunuzi kukabidhiwa nyumba ikiwa tupu, neno dogo la 'na' lilikuwa limeondoka, na mahali pake limekaa 'au'. Mnunuzi wetu angaliweza kudaiwa mamilioni yake yote ilhali mpangaji wa muuzaji yungali jikoni anapika. Rangi za barua ile ya adabu zilionyesha walichotaka tukione. Mashine ilionyesha kilichopo.

Nchi nzima ilijifunza jambo hili mwaka 2010. Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga ilikuwa imetoa Rasimu Patanifu ya Katiba tarehe 17 Novemba 2009. Wabunge wakaichukua Naivasha mwezi wa Januari na kuirudisha imegeuzwa sura, hata ripoti ya ulinganisho niliyowatolea wateja wetu ilikuwa nyekundu tangu juu hata chini. Bunge likaipitisha tarehe 1 Aprili. Mwezi wa Mei, ilipokwisha kupigwa chapa, ikagunduliwa kuwa katika baadhi ya nakala, ndani ya ibara ya 24 inayoeleza jinsi haki za raia ziwezavyo kuwekewa mipaka, yameingia maneno yanayotaja usalama wa taifa, ambayo Bunge halikuyapitisha. Maneno mawili tu ya Kiingereza! Lakini yaligundulika upesi kwa sababu ilikuwapo asili moja iliyojulikana na kila mtu, iliyopita mbele ya macho ya Bunge kwa tarehe maalumu.

Mambo yalikuwa kinyume mwaka 2021, nikiwa nimekwisha kustaafu, wakati mswada wa BBI wa kurekebisha katiba ulipopelekwa katika mabunge 47 ya kaunti. Zaidi ya 40 yaliupitisha. Kisha kamati ya pamoja ya Bunge la Taifa na Seneti ikaripoti kuwa ni 13 tu yaliyoshughulikia mswada ulio sahihi. Hapo hakuna programu ya kulaumiwa wala ya kusifiwa. Mashine huona tofauti baina ya karatasi mbili, illa haiwezi kusema ipi ndiyo mama. Hilo hulijua karani wa masijala, aliyepokea bahasha, akaandika siku na saa, akafunga kabati.

Wakati huo kijana mmoja wa jirani, aliyekuwa akisomea sheria, alinijia nyumbani na kompyuta yake.

"Shikamoo, Mzee. Nina nakala mbili za mswada, na zimepishana. Nisaidie kujua ya kweli ni ipi."

"Marahaba, mwanangu. Hii umeipata wapi, na hii wapi?"

Akaangalia simu yake kwa muda.

"Zote mbili nimetumiwa kwa WhatsApp."