Umefika Wapi?

Haya jamani, nimerudi chuoni. Juzi niliondoka Makangale alfajiri, gari ikapita msitu wa Ngezi mpaka Konde, nikaunga nyingine hadi Mkoani kuwahi boti. Begi limejaa muhogo na ndizi, lakini kitabu nimekiacha nyumbani. Kisa chake kirefu kidogo, na kinauhusu mdomo wangu.

Wanaokaa nami bwenini wanaijua tabia yangu: nikimaliza kitabu lazima nimwambie mtu. Likizo ya mwaka jana nilimpelekea dada, mtoto wa ami yangu, Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Ni cha Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko, na kilitoka tangu 1960. Dada aliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo hakushika kitabu cha hadithi. Hiki alikishika. Usiku akishalaza watoto anasoma kurasa chache, asubuhi tukikaa uani kusuka ukili ananihadithia: huyu simwamini, yule ana lake jambo.

Siku moja akasema kwa yakini kabisa, "Muuaji nimeshamjua." Akamtaja. Mie nikacheka, nikasema, "Wee dada, siye huyo, ni fulani." Nikataja jina.

Mikono yake ikasimama. Hakunigombeza. Aliingia ndani, akatoka na kitabu, akakiweka juu ya mkeka mbele yangu. "Chukua, mdogo wangu. Ushanisomea." Alikuwa amebakisha kama robo. Hakukigusa tena.

Nilijitetea sana moyoni. Mbona bibi alikuwa akitutolea hadithi zile zile, paukwa, pakawa, mwisho tunaujua sote na hatuchoki? Kweli, lakini mwisho ule tuliujua kwa kuufikia, usiku wa kwanza, macho yametutoka. Hakuna aliyetutangulia kutunong'oneza. Dada naye alikuwa anashindana na Bwana Msa mwenyewe, nani atamjua muuaji mwanzo. Mtu aliyeambiwa miaka yote kwamba kusoma si kwake, alikuwa yumo ndani ya shindano na anacheza vizuri. Mie nikaingia uwanjani nikachukua mpira.

Tangu hapo najifunza upya kuzungumza vitabu. Swali la kwanza ni "umefika wapi?" Mtu akisema ukurasa wa 40, basi dunia yote imeishia ukurasa wa 40. Namwuliza anamwonaje huyu, wapi amecheka, nani anamtia shaka. Akikosea, namwacha akosee, ni haki yake. Wala sisemi "subiri uone huko mbele", maana hiyo nayo ni kutoboa siri. Ukishaambiwa kuna jambo, husomi tena, unavizia. Na nyie mlioangalia filamu ya Vuta n'Kuvute ya Amil Shivji (2021) kabla ya kusoma riwaya ya Shafi Adam Shafi (1999), mtuhurumie. Wengine bado tuko na Yasmin kurasa za mwanzo.

Likizo hii nilikwenda na Siri ya Sifuri, cha 1974, Bwana Msa tena. Safari hii hata mie nilikuwa sijakisoma. Dada alikitazama kwanza kama mtu anayetazama samaki wa jana. Nikamwapia kwamba mwisho wake siujui. Akakipokea. Nakala moja, mchana yangu, usiku yake, na ndani tumetia vipande viwili vya ukili, changu cha rangi, chake cheupe. Asubuhi tunabishana juu ya zile kurasa tulizofika sote wawili tu. Likizo ikaisha sijamaliza, nikamwachia.

Jana usiku amenipigia simu. "Nimemaliza."

Nikasahau yote niliyojifunza. "Enhe! Ni nani?"

Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Kwani wewe umefika wapi?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka nikasikia mtoto ameamka, akakata simu.

Kwa hiyo natafuta nakala, wajameni. Mwenye nayo anistiri, chumba changu mnakijua. Ila mje na kitabu tu, midomo muiache huko huko.

Alamsiki.