Baiskeli ya mtumba: bei yake si ile anayotaja muuzaji

Mwenye shilingi 150,000 mkononi hakosi baiskeli ya mtumba ya kununua. Kazi ni kujua ipi itakuwa bado barabarani mvua zikiisha, na ipi itaegemezwa ukutani kusubiri spea. Kwa familia moja ya pembezoni mwa mji wa Shinyanga, swali hilo lilikuwa zito. Fedha hiyo ilikuwa mgawo wa mama kutoka kikoba, akiba ya mwaka mzima ya biashara ya mboga, na nyingine ya kurekebisha kosa haikuwepo.

Binti yao mkubwa alikuwa ameanza kidato cha kwanza. Shule iko kilomita 7 kutoka nyumbani. Ada hailipwi, lakini miguu inalipa. Alitoka saa 11 alfajiri, giza bado nene, akapita peke yake katikati ya mashamba ya mtama. Jioni alisinzia juu ya madaftari kabla hajamaliza hata zoezi moja. Kabla muhula wa kwanza haujaisha, alianza kusema ni afadhali abaki nyumbani amsaidie mama yake kuuza mboga. Mama aliposikia hivyo, usingizi uliruka.

Baba naye alikuwa na hoja yake. Ni fundi uashi, na baiskeli yake iliuzwa mwaka uliotangulia mtoto mdogo alipolazwa. Tangu hapo anakwenda kazini kwa miguu. Alitaka inunuliwe baiskeli ya kiume, kubwa, yenye keria ya kubebea mzigo.

"Mama watoto, nikiwahi kazini, nyumba nzima inakula," alisema.

"Ni kweli, baba watoto. Lakini hiyo utaipanda wewe. Huyu mwenye sketi ya shule ataruka lile bomba la juu vipi? Na akiacha shule, tutamrudisha kwa baiskeli gani?"

Mazungumzo yalichukua siku mbili. Walikubaliana inunuliwe baiskeli ya kike. Siku za shule itakuwa ya binti, Jumamosi na likizo baba ataitumia. Baba hakuficha kwamba roho ilimuuma, lakini yeye ndiye aliyesema, "Basi twende naye sokoni. Atakayepanda ndiye achague."

Hata kabla ya siku ya soko, baiskeli iliwafuata nyumbani. Kijana mmoja alipita mtaani akiisukuma, inang'aa, akitaka shilingi 60,000 tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Baba aliigeuza juu chini akatazama chini ya fremu, pale pedali zinapokutana, mahali ambapo baiskeli nyingi huwa zimepigwa namba. Namba ilikuwa imekwanguliwa kwa tupa. Alipomwambia kijana waende wakaandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa, kijana alikumbuka ana haraka. Kununua mali ya wizi ni kosa la jinai, na mwenyewe akiitambua, mnunuzi anapoteza baiskeli na fedha pia.

Sokoni walikwenda na fundi baiskeli wa mtaani kwao, mzee ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyeziba pancha za familia hiyo. Walimlipa shilingi 5,000 ya kupotezewa muda, nje ya ile 150,000. Baada ya kuzunguka, zilibaki baiskeli mbili, zote za mtumba kutoka Japani. Ya kwanza ilikuwa shilingi 85,000, imepakwa rangi mpya. Ya pili ilikuwa shilingi 130,000, imepauka, kiti kimechanika. Macho ya binti yalikuwa kwenye rangi mpya.

"Mwanangu, tulia kwanza tuisikilize," fundi alisema.

Aliinua gurudumu la nyuma akalizungusha. Lilicheza kushoto na kulia, na kila mzunguko likagusa mpira wa breki mahali palepale. Ringi imepinda. Alilishika kwa juu akalitikisa kando, likagonga, dalili kwamba gololi zimelika au zimelegea. Kisha akamwomba binti rula yake ya shule, ile yenye inchi 12, akailaza juu ya cheni kuanzia katikati ya pini moja. Kwenye cheni nzima, pini nyingine huangukia sawasawa kwenye inchi ya 12. Ile ilikuwa imepita kwa moja ya nane ya inchi. Cheni ikifika hapo imekwisha, na mara nyingi meno yanayoishika nayo yameshalika.

Matairi ndiyo yaliyomshangaza baba. Yote mawili yalikuwa na vipara, na ubavuni yaliandikwa 26. "Si tutapata ya inchi 26 duka lolote?" aliuliza. Fundi alimwonyesha namba ndogo iliyoandikwa pembeni: 37-590. Tairi jingine linaloitwa 26, lile pana la baiskeli za milimani, huandikwa 559. Jina ni moja, lakini moja haliingii kwenye ringi ya mwenzake. Namba ya pili ndiyo kipimo cha ringi, na kabla ya kununua baiskeli ni vizuri kupita dukani kuuliza kama tairi lenye namba hiyo lipo.

Mama alitoa daftari lake la mboga akaandika. Baiskeli 85,000. Matairi mawili 36,000. Cheni 10,000. Ringi na kusuka spoku 30,000. Jumla 161,000, na meno ya gia bado. Baiskeli ya bei rahisi ilikuwa imeshapita mfuko wao.

Ile iliyopauka ilizunguka kimya. Fremu haikuwa na ufa wala alama ya kuchomelewa, hasa pale mbele inapobeba usukani. Cheni ilikaa vizuri kwenye rula, na matairi yalikuwa na meno. Ilihitaji mipira ya breki ya shilingi 4,000 na tyubu moja ya 7,000. Muuzaji alimgeukia baba. "Mzee, unasemaje?"

"Muulize yeye. Ndiye dereva," baba alijibu.

Binti alikaa kitini, vidole vya miguu yote miwili vikagusa chini. Akazunguka uwanja mara moja, akafunga breki, akasimama mbele ya baba yake. Alikuwa anacheka. Bei ilishuka hadi 115,000. Waliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, namba ya fremu na namba za simu zikiwemo, na muuzaji akatia saini.

Baada ya matengenezo jumla ikawa 126,000. Pampu ilichukua 8,000 na kufuli 7,000. Shilingi 9,000 iliyobaki mama aliifunga kwenye kitambaa na kuiita ya pancha, haiguswi hata chumvi ikiisha.

Sasa binti anatoka nyumbani saa 12, kumeshaanza kupambazuka, na habari ya kuacha shule haijasikika tena. Jumamosi baba anapanda baiskeli ya kike kwenda kazini. Wenzake walimtania wiki ya kwanza, wakachoka.

Jirani mwenye mtoto shule hiyohiyo alimuuliza mama baiskeli waliinunua shilingi ngapi. Mama hakusema 115,000. Alisema 126,000, kisha akamwazima daftari aone hesabu ilivyokwenda. "Na siku ya kwenda sokoni," alimwambia, "mchukue mtoto. Na rula yake."